Kuutembea Tessel Bila Kuomba Ruhusa

Mto Tessel ni mdogo. Mtu mwenye miguu mizima anaweza kuutembea wote kwa siku moja, kutoka unapoanzia mpaka bandarini, na akafika Tesselmouth kabla jiko la baa halijafungwa. Ni maili kumi na moja tu. Watu wa kaunti jirani wana mto mkubwa wenye meli na madaraja ya chuma, na wakija kwetu huutazama wa kwetu wakacheka. Wacheke. Wa kwao nimeuona, una rangi ya chai iliyosahauliwa kikombeni. Wa kwetu, ukisimama darajani ukatazama chini, unahesabu madoa mgongoni mwa samaki.

Mume wangu, Clement Legg, alikuwa fundi bomba kwa miaka thelathini na saba. Siku aliyostaafu aliniambia amechoka kukutana na maji yakiwa yameshamkosea mtu. Alitaka kuyaona yanapotoka. Jumapili ya kwanza ya Mei akachukua fimbo, mkate na jibini, akapanda mpaka malishoni kwa akina Guppy, akaitafuta chemchemi, kisha akaufuata mto ukingoni kwake mpaka baharini bila kuuacha hata hatua ishirini. Alirudi na basi la jioni, miguu imevimba, anacheka peke yake. Mwaka uliofuata nikaenda naye. Halafu akaja Ambrose Squibb, aliyekuwa tarishi wetu. Halafu Pearl Hansford wa saluni. Tukawa kumi, na mwaka mmoja tukawa kumi na saba, mvua ikatunyeshea sote sawasawa.

Clement alifariki miaka minne iliyopita, mwezi wa Februari. Mei ile tulitembea vilevile. Nililia kutoka mashamba ya saladi mpaka kanisani na hakuna aliyeniambia ninyamaze, ndiyo maana nawapenda watu wale.

Sasa nieleze balaa lilikuwa wapi. Maili mbili kabla ya bandari kuna Kinu cha Hallet. Zamani kilisaga ngano kwa nguvu za maji, siku hizi ni nyumba ya kuishi. Pale mto umebanwa kati ya kilima na ukuta wa mawe, na hakuna pa kupita isipokuwa lango dogo, daraja la mbao, na kijia kinachokwenda chini ya dirisha la jiko la nyumba yenyewe. Bibi aliyekuwa akiishi pale hakujali nani anapita. Alikuwa na kuku wake na redio yake. Alipokufa, kinu kilinunuliwa na Bwana Everard Croome kutoka London. Bwana Croome akatangaza kule baa, mbele ya watu, kwamba mwezi wa Juni atajenga ukuta pale langoni, kwa sababu hakuhamia mashambani ili watu wachungulie uji wake.

Akijenga, basi, imekwisha. Kutakuwa na kipande cha mto cha juu na kipande cha chini, na hakuna atakayeutembea Tessel mzima tena. Clement hakuniachia watoto. Aliniachia matembezi hayo.

Nikaenda ofisi ya kaunti. Nikakutana na msichana mmoja mwenye miwani mikubwa, na kwa hakika yule binti ana akili, maana alikuja mwenyewe jikoni kwangu kutueleza.

"Watu wakipita mahali miaka ishirini mfululizo, njia inakuwa ya umma," alisema. "Lakini wapite mchana kweupe, wasivunje kitu, na wasiombe ruhusa. Hilo la tatu ndilo huwamaliza watu."

"Kuomba ruhusa kuna ubaya gani?" Ambrose aliuliza, ameshtuka kama aliyeambiwa asioge.

"Ukiomba ukapewa, unakuwa mgeni wake. Na mgeni huambiwa kwaheri. Hata usipoomba, yeye akikutangulia tu kukwambia 'karibu, nimekuruhusu', miaka yote imekwenda na maji."

Na Jumapili ya Mei iliyokuwa mbele yetu ndiyo ilikuwa inatimiza miaka ishirini tangu Clement apite peke yake.

Msomaji asiyetujua anaweza kudhani hilo ni jambo rahisi. Sisi ni watu ambao ukitukanyaga mguu tunakuomba radhi. Ambrose huishukuru mashine ya benki inapomtolea pesa. Utuambie tupite chini ya dirisha la mtu bila hata 'samahani' ya kusingizia? Wazee husema asante ya punda ni mateke. Sasa tulikuwa tunaombwa tujifunze upunda kwa muda wa wiki tatu. Nikawafanyisha mazoezi, hapohapo jikoni.

"Ambrose, umekutana naye langoni. Unasema nini?"

"Habari za mchana, Bwana Croome."

"Vizuri. Halafu?"

"Halafu nanyamaza."

"Safi."

"Nanyamaza, halafu namwambia samahani kwa usumbufu."

"Ambrose!"

"Inatoka yenyewe, Dorcas! Miaka arobaini nimeingia nyua za watu na barua. Mama yangu angefufuka anizabe kofi."

"Basi siku hiyo utaziba mdomo na mkate."

Alhamisi kabla ya matembezi Pearl alinipigia simu, anahema. Alikuwa ametoka kumkata nywele Bwana Croome, na Pearl anasema mtu akishafungwa shuka shingoni hutapika yote. "Wakili wake amemwambia asigombane na sisi kabisa," alisema. "Awe mpole. Atusubiri, atuambie mbele ya mashahidi kwamba ameturuhusu tupite. Na karatasi anayo, imepigwa chapa vizuri, iko mfukoni."

"Mbona asiitume kwa posta?"

"Amtumie nani, bibie? Hatuna chama, hatuna katibu, hatuna hata jina. Barua ya kwetu sisi inakwenda kwa nani?"

Clement alichukia vikao kuliko kutu. Watu walipomsihi tuunde kamati, alisema kamati itataka biskuti na mto hautaki. Siku ile nilimshukuru hata kwa hilo.

Tulikubaliana kwamba Croome atatusubiri langoni, na tukifika tutampita kwa kasi huku tunaimba, tusisikie neno. Huo ndio ulikuwa mpango. Ulidumu mpaka Jumapili saa mbili asubuhi.

Chemchemi ya Tessel haikai mahali pamoja. Baada ya kipupwe chenye mvua nyingi hububujika juu kabisa, karibu na birika la kondoo wa Guppy. Mwaka mkavu huteremka hata nusu maili. Kwa hiyo kila mwaka kazi ya kwanza ni kuutafuta mto wenyewe, na kila mwaka tunabishana. Tulikuwa kumi, tumetawanyika malishoni, tumeinama kama watu waliopoteza pete, ndipo tukamwona mtu anapanda kilima. Mabuti mapya, karatasi ya bei bado inaning'inia kwenye buti la kushoto. Alikuwa Croome.

"Habari za asubuhi," alisema. "Natumaini siwasumbui?"

"Hata kidogo!" tulijibu watu kumi kwa sauti moja. Nilitamani kujizaba kofi. Hakuna aliyeweza kusema ndiyo, unatusumbua, rudi kwako. Ambrose alikuwa ameshammiminia chai kwenye kifuniko cha chupa. Mgeni njoo mwenyeji apone, husemwa. Huyu alikuja ili tuugue.

"Nimesikia mnaanzia huku," alisema Croome. "Nikaona, badala ya kuwasubiri chini, niwafuate." Akatazama huku na huku. "Mto wenyewe uko wapi?"

"Umeukanyaga," nikamwambia.

Aliinua mguu. Alama ya buti ilibaki kwenye majani, na tukiwa tunatazama ikaanza kujaa maji polepole kutoka chini, maji meupe pee, mpaka ikafurika ukingoni na uzi mwembamba ukaanza kuteremka kati ya nyasi. Nimekiona kitu hicho mara kumi na tisa na bado nywele zinanisimama. Hakuna sauti, hakuna jiwe linalopasuka. Kilima kizima cha mawe laini ya chaki kimekunywa mvua miezi sita, sasa kinatoa maji kidogokidogo, bila haraka, yaliyochujwa vizuri kuliko chujio lolote alilowahi kufunga Clement.

"Ndiyo hii tu?" Croome aliuliza. Lakini aliuliza kwa sauti ya chini, kama mtu aliye kanisani.

"Ndiyo hii tu."

Tukaanza kuteremka. Hatukufika mbali akasogea kando yangu, akakohoa. "Bi Legg, kuna jambo ningependa kulisema rasmi, mbele ya wote..."

"Unaonaje hali ya hewa, Bwana Croome?" Ambrose akajitumbukiza kati yetu.

Na Croome, kwa kuwa hata London watu wamelelewa, hakuweza kukatiza mazungumzo ya hali ya hewa. Hakuna mtu wa kwetu awezaye. Ambrose alianza na mawingu yaliyokuwa juu yetu, akarudi kwenye theluji ya mwaka aliozaliwa, akapitia ukame, mafuriko, na upepo ulioondoa paa la ukumbi wa kijiji. Alikwenda naye maili moja na nusu bila kupumua. Sijawahi kumpenda mzee yule kama asubuhi ile.

Uzi ukawa mfereji, mfereji ukawa kijito cha kuruka. Kwenye mashamba ya saladi, pale saladi ya majini inapolimwa kwenye vitanda vya kokoto, chemchemi nyingine nne hutoka ubavuni mwa kilima na kuingia Tessel, na hapo ndipo unapoanza kustahili kuitwa mto. Maji yale hayabadiliki joto, kiangazi wala kipupwe. Januari asubuhi, kila kitu kimeganda, mto unatoa mvuke mgongoni kama ng'ombe. Mei ndiyo wakati wake wa kujipamba: maua madogo meupe hufunika maji kutoka ukingo hadi ukingo, na chini yake majani marefu ya kijani yanajinyonganyonga na mkondo. Mwenye shamba alitukatia fungu la saladi tukala tukitembea. Croome alitafuna, macho yakamtoka kwa ukali wake.

"Ni kali!"

"Si ya dukani hiyo," Pearl akamwambia. "Hiyo inajibu."

Saa sita tulifika kanisa la Nether Cholden, tukakaa juu ya ukuta wa makaburi, miguu inaning'inia juu ya maji, tukafungua vyakula. Nilimwona Croome anapeleka mkono kwenye mfuko wa ndani wa koti. Aliposimama, nami nikasimama. Alipofungua mdomo, nikamkabidhi sandwichi ya yai.

"Asante, lakini mimi nataka..."

"Ina haradali kidogo. Sema kama ni nyingi."

Aliishika. Hakuwa na pa kuiweka. Akala. Akakaa chini tena, akaikunja karatasi ya sandwichi mara nne, vizuri, akaitia mfukoni badala ya kuitupa. Baadaye akaniuliza, bila kunitazama, "Ni nani aliyeanza jambo hili?"

Sikukusudia kumweleza. Nilikuwa na hasira naye, na hasira huniweka sawa. Lakini ukiniuliza habari za Clement mdomo wangu haunisikilizi. Nikamweleza mabomba, fimbo, mkate na jibini. Nikamweleza kwamba mwaka wa mwisho, mapafu yameshachoka, alitembea nusu maili akipumzika, nusu maili akipumzika, mpaka tukafika bandarini saa mbili usiku, na akasema haidhuru, hata mto wenyewe unachelewa kiangazi.

Croome hakusema pole. Aliuliza kama kuna sandwichi nyingine.

Chini ya Cholden kuna mtambo wa kusafisha maji taka. Nisiufiche, mto ni wa watu, na watu ni watu. Bomba hutoka ukutani na kumwaga maji ya rangi ya kijivu, na kwa hatua mia mbili maua meupe hayaoti. Clement kila mwaka alivua kofia pale.

"Kwa nini?" Croome aliuliza.

"Heshima ya kazi," Ambrose akasema. "Alisema humo ndani kuna mafundi wawili wanaofanya kazi kubwa kuliko askofu."

Croome akacheka. Ilikuwa mara ya kwanza, na kicheko kilimtoka kwa shida, kama lango lisilofunguliwa muda mrefu. Halafu, niamini nisemayo, akavua kofia.

Nusu maili baadaye Tessel umeshajisafisha. Hapo ndipo ninapousujudia mto huu, ingawa sijawahi kumwambia mchungaji. Umepokea ya kijiji kizima, umeyapitisha kwenye kokoto na majani na mwanga, na kwenye daraja la matofali maji ni kioo tena, samaki sita wamesimama dhidi ya mkondo, wanatikisa mkia kidogo tu ili wasirudishwe nyuma. Croome alilala kifudifudi juu ya daraja, koti la bei mbaya kwenye vumbi, akawatazama. Mdiria, ndege mla samaki, akapita chini yake, rangi ya buluu ikawaka mara moja ikatoweka.

"Yule nimewahi kumwona kutoka dirishani kwangu!" alisema. "Nilidhani ni wangu." Akajirekebisha. "Nilidhani anaishi pale."

"Ana nyumba maili tatu nzima," nikamwambia.

"Na samaki hawa? Hawa nao wanafika kwangu?"

"Wanapita kwako kila siku, baba," Pearl akamjibu, anamvuta mbwa wake asiruke majini. "Na hawajawahi kukuomba."

Pearl akauma mdomo. Croome akainuka, akajikung'uta vumbi, akatangulia mbele.

Saa tisa na nusu tukaona paa la kinu kati ya mierebi. Nikageuka nikawatazama watu wangu. Ambrose alishajaza mashavu na mkate kama tulivyopatana. Croome alikuwa ametutangulia hatua chache; alifika langoni kwanza, akasimama kando ya nguzo, na mkono ukaenda kwenye mfuko wa ndani. Nikaona ncha nyeupe ya karatasi. Sasa, nikajiambia. Mbele, Dorcas, usimtazame, shika kitasa, fungua, pita. Neno lolote asiseme kabla hujaingia. Maji yalikuwa yanaanguka kwa kelele penye kinu.

Nikafika langoni. Na pale, juu ya lango, dirisha la jiko likawa mbele ya macho yangu.

Sikutaka kuchungulia. Lakini dirisha liko palepale, mtu asipochungulia atajikwaa. Penye kikaushio cha vyombo palikuwa na sahani moja. Kikombe kimoja. Uma mmoja, kisu kimoja. Vimepangwa vizuri, vimeelekea ukutani. Na kwenye mkeka wa mlangoni, jozi mbili za mabuti ya bustani: za kiume zenye tope, na za kike, ndogo, za kijani, safi kabisa, hazijawahi kukanyaga udongo.

Hilo hakumwambia Pearl, hata na shuka shingoni.

Kila jioni kwangu mimi huosha sahani moja, kikombe kimoja. Najua unavyojitahidi kuvipanga ili vionekane vingi. Na najua ungejisikiaje watu kumi, na mbwa, wakipita pua zao zimeelekea hapo, wanaona. Nilisimama mbele ya mtu yule, uso wangu ukapata moto kwa aibu, na ndipo likatoka.

"Samahani, Bwana Croome. Tunaweza kupita?"

"Dorcas!" Pearl akapiga yowe.

Ambrose alikohoa mkate wote kwenye majani. Heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi, na mimi ndiye niliyewafundisha watu wiki tatu. Maji yakimwagika hayazoleki. Mimi nilikuwa nimemwaga mto mzima, maili kumi na moja, miaka ishirini, na mapafu ya Clement juu yake. Kilichobaki ni yeye aseme "bila shaka, karibuni." Neno moja la adabu. Nilimtazama nikamwona ameshika karatasi yake, nusu ndani nusu nje.

Alitazama nilikokuwa nikitazama, dirishani, akaelewa nilichoona. Masikio yakamwiva.

"Mke wangu ndiye aliyetaka mto," alisema. "Tulikuwa tumeshalipa amana ya nyumba alipofariki." Akanigeukia. "Bi Legg, mumeo, mwaka ule wa kwanza, alimwomba nani hapa?"

"Hakumwomba mtu."

"Basi mbona unaniuliza mimi?"

Akairudisha karatasi mfukoni. Lango hakulifungua, lau angelifungua angekuwa mwenyeji, na alilijua hilo kama nilivyolijua mimi. Aligeuka, akatupita mmoja mmoja, akapita kwa Ambrose mwenye makombo kidevuni, akapita kwa Pearl, akaenda kusimama mwisho kabisa wa mstari, nyuma ya mbwa. Akasubiri.

Nikashika kitasa. Nikafungua. Tukapita mchana kweupe, hatukuvunja kitu. Chini ya dirisha kila mmoja alitazama maji, hata mbwa, na hakuna aliyesema asante, na sijui kama nimewahi kushukuru kwa nguvu namna ile.

Kutoka kinuni mto hupanuka. Unaingia kwenye vinamasi vya maji ya chumvi, kingo zinakuwa tope, majani yanakuwa mafupi na magumu, na harufu ya bahari inakuja kabla ya bahari. Pale Tesselmouth unapita kati ya mashua za wavuvi wa kamba na boti za matajiri, hauzidi upana wa barabara, na mtu asiyejua angedhani ni maji yaliyosahauliwa na bahari ilipokupwa. Saa kumi na moja maji yalikuwa yanajaa. Ukikaa juu ya gati ukitazama vizuri, utauona mstari pale maji yetu meupe yanapokutana na ya bahari, yanasukumwa, yanasimama kidogo, halafu yanaingia. Hayarudi nyuma hata siku moja. Nilikaa pale nikalia, na safari hii pia hakuna aliyeniambia ninyamaze.

Pearl alileta samaki na viazi vya kukaanga, tukala kwa vidole. Ambrose alimshukuru shakwe, ndege wa baharini, aliyemwibia kiazi. Kisha nikatoa fomu. Msichana wa kaunti alinipa rundo zima, kila mtu ajaze yake: jina, anwani, umepita njia hii mara ngapi, na swali la saba, umewahi kuomba au kupewa ruhusa ya kupita. Swali lile, kwenye fomu yangu mimi, likanikwama. Kuomba niliomba. Nikaandika ukweli: niliomba mara moja, leo, sikupewa.

Kivuli kikasimama juu ya karatasi zangu.

"Imebaki moja?" Croome aliuliza.

Nikampa na kalamu. Alikaa ukingoni mwa gati, akaiweka fomu juu ya goti, akaandika taratibu kwa mwandiko wa mtu aliyezoea kusaini mambo makubwa. Jina: Everard Croome. Anwani: Kinu cha Hallet. Umepita mara ngapi: mara moja. Alipofika swali la saba alisimamisha kalamu, akautazama mto unavyoingia, halafu akaandika na kunirudishia.

Nikasoma. *Sikuomba. Sikupewa. Sikujua kwamba mto ni mrefu namna hii.*

Nikaisoma tena. Kisha nikamwambia amesahau tarehe.